Hita ya gari lisilo na rejeta: joto linatoka wapi, na sumu inaingilia wapi

Baridi ya Juni ikishaingia Mbeya, swali moja hurudi kwenye gereji za Mwanjelwa na kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa magari ya kale: Porsche 911 ya zamani, au Volkswagen Beetle ile ya mgongo wa duara, ina hita? Na kama inayo, joto lake linatoka wapi wakati gari lenyewe halina rejeta wala tone la maji?

Majibu huwa ya kila namna. Wapo wanaoapa kwamba magari hayo hayana hita kabisa. Wapo wanaosema ipo, ila kwa nchi yetu ni mzigo tu, ing'olewe ifungwe ekzosi nyepesi kama wanavyofanya vijana wa Ulaya na Marekani kwenye video za mitandaoni. Wapo pia wanaoshauri kwamba ikitoboka ipigwe kiraka cha welding, safari iendelee. Jibu la kwanza ni kosa lisilo na madhara. La pili lina ukweli ndani yake, lakini linaacha nusu ya kazi bila kusemwa. La tatu linaweza kuua familia nzima ndani ya gari lililofungwa vioo, na ndilo lililonisukuma niandike.

Kupozwa kwa hewa maana yake nini

Injini ya petroli hutoa joto jingi kuliko nguvu. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayolisukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi kupitia ekzosi, na inayobaki huishia kwenye chuma cha injini. Hiyo ya mwisho lazima iondolewe muda wote injini inapowaka, la sivyo pistoni hunata ndani ya silinda na injini ndiyo imekwisha.

Kwenye Toyota na Nissan zetu za kila siku, kazi hiyo hufanywa na maji. Yanazunguka ndani ya injini, yanabeba joto, yanapelekwa kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Hita ya gari la namna hiyo ni rejeta ndogo ya pili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto yanapita humo, feni inapuliza, miguu inapata joto. Haikutani na moshi popote.

Injini ya kupozwa kwa hewa haina maji hayo. Mfano uko mlangoni kwako: pikipiki nyingi za bodaboda ni za aina hii, na yale mapezi ya chuma yanayozunguka silinda yapo ili joto lipate eneo pana la kutokea. Tofauti ni kwamba pikipiki hupata upepo wa barabarani moja kwa moja, ilhali injini ya Beetle na ya 911 imekaa nyuma, chini ya boneti, mahali ambapo upepo haufiki. Kwa hiyo zimewekewa feni. Ya Beetle imefungwa kwenye mhimili wa jenereta, ndani ya boksi la bati lililosimama juu ya injini. Ya 911 unaiona mara tu ukifungua boneti ya nyuma, duara kubwa lenye altaneta, mashine ya kuzalisha umeme wa gari, katikati. Mkanda unaizungusha, feni inavuta hewa kutoka kwenye chumba cha injini na kuisukuma chini kupitia mapezi ya silinda. Mkanda ukikatika unasimama hapo hapo, hata kama kijiji kinachofuata kinaonekana kwa macho.

Mfumo huu si wa kubahatisha. Beetle ilitengenezwa kuanzia mwaka 1938 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani nchini Mexico mwaka 2003. Porsche 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na iliendelea kupozwa kwa hewa hadi mwaka 1998. Wazee wetu wanazijua zote mbili kwa mashindano ya Safari Rally: Beetle ilishinda mwaka 1962, na 911 ikamaliza ya pili mwaka 1974 na tena mwaka 1978. Uimara wake hauna ubishi. Hita yake ndiyo isiyoeleweka.

Joto linalokamatwa kwenye ekzosi

Turudi kwenye ile theluthi inayotoka na moshi. Waliobuni magari haya waliona kwamba joto hilo linapotea bure, wakaamua kulikamata kabla halijafika kwenye silensa. Bomba la ekzosi linapotoka kwenye silinda limevalishwa koti la bati. Kati ya bomba na koti kuna nafasi. Feni ileile inayopoza injini hutoa tawi la hewa linaloingizwa kwenye nafasi hiyo. Hewa inapita ikigusa ukuta wa nje wa bomba la moto, inapata joto, inatokea upande wa pili. Ni sawa na kuota mikono kwa kushika kikombe cha chai: joto linakufikia, chai haikugusi. Kitaalamu kifaa hicho ni kibadilisha joto. Hapa nitakiita koti la ekzosi, na gari lina makoti mawili, moja kila upande wa injini.

Kutoka kwenye koti, hewa ya moto inakutana na kiboksi chenye kilango kinachoendeshwa kwa waya, na waya huo unafika kwenye kishikio kilichopo katikati ya viti vya mbele. Ukifungua, hewa inaingia kwenye vizingiti vya milango, ambavyo ndani ni vitupu kwa makusudi, inasafiri hadi mbele na kutokea miguuni na chini ya kioo cha mbele. Kwenye 911, ukifunga, hewa ile inatupwa nje chini ya gari.

Kwa maelezo hayo mambo kadhaa yanayowachanganya wenye magari haya yanajieleza yenyewe. Hita ina nguvu gari likiwa kasi na inapoa ukisimama kwenye foleni ya Mafiati, kwa sababu feni inazunguka kwa kadiri injini inavyozunguka. Kizingiti kikiliwa na kutu, joto linaishia njiani na abiria wa mbele anabaki anatetemeka hata kama makoti ni mapya. Harufu ya oili iliyoungua ikija ndani, mara nyingi si hita iliyoharibika. Ni oili inayovuja kutoka kwenye mifuniko ya valvu au kwenye vile vibomba vilivyo chini ya silinda, inadondokea juu ya makoti na kukaangika. Porsche waliliona tatizo la hita kupoa injini inapounguruma gari likiwa limesimama, ndiyo maana 911 nyingi za miaka ya 1980 zina feni ndogo ya umeme kwenye chumba cha injini ya kuisaidia ile kubwa.

Beetle za kabla ya modeli ya 1963 zina utaratibu tofauti kidogo. Humo, hewa iliyokwenda kwa abiria ilikuwa imeshapita kwenye silinda zenyewe, kwa hiyo ilibeba kila harufu ya injini. Baada ya hapo Volkswagen wakahamia kwenye hewa inayotoka moja kwa moja kwenye feni, na watu wakaanza kuiita hita ya hewa safi. Usafi huo una sharti, na watu wengi hawaambiwi. Feni inavuta hewa kutoka kwenye chumba cha injini. Kuna mpira unaozunguka injini yote, unaotenganisha upande wa juu ulio safi na upande wa chini ulio na ekzosi. Mpira huo ukichakaa, au fundi akiuacha wakati wa kurudisha injini kwa sababu ulimsumbua, feni inaanza kuvuta moshi na hewa ya moto kutoka chini. Injini inapata joto kupita kiasi, na abiria wanapuliziwa moshi hata kama makoti hayana tundu. Nimeona Beetle zilizopakwa rangi vizuri mno, viti vipya, taa zinang'aa, na mpira huo haupo.

Kutu iliyo nje na kutu iliyo ndani

Hapa ndipo naomba msomaji aende taratibu.

Koti la ekzosi linaoza kwa namna mbili. Kutu ya nje hutoboa koti lenyewe, lile bati la juu. Matokeo yake ni hasara ya joto tu: hewa inatoroka kabla haijafika kwako, na hita inakuwa dhaifu. Kutu hiyo inaonekana, inashikika, na kiraka chake hakina hatari kubwa, mradi bomba la ndani ni zima. Kutu ya ndani hutoboa bomba linalobeba moshi. Hapo kikombe kimepasuka. Moshi wa injini, ambao unasukumwa kwa mapigo kila silinda inapotema, unapenya kwenye nafasi ya hewa na kufuata njia ileile ya joto hadi puani mwa abiria. Kutu hii huioni ukiwa umelala chini ya gari na tochi, kwa sababu imefunikwa na koti. Unaweza kuwa na koti linalong'aa kwa nje na bomba lililooza kwa ndani.

Ndiyo maana kiraka cha welding ni ushauri mbaya. Fundi anachomelea anachokiona, yaani koti. Tundu la ndani linabaki, na sasa moshi uliokuwa ukitorokea nje kupitia tundu la koti umefungiwa njia. Njia ya kutokea imebaki moja tu, ya kuingia ndani ya gari. Kiraka kimeongeza hatari.

Sumu yenyewe ni kaboni monoksaidi. Isichanganywe na hewa ukaa inayotajwa kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi. Hii ni gesi nyingine, na ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Habari za namna hiyo si ngeni kwetu katika miezi ya baridi. Haina rangi na haina harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, ikachukua nafasi yake. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anachoka, anachanganyikiwa. Dereva anaweza kudhani ni uchovu wa safari au homa inamnyemelea.

Watu husema, "Mbona sisikii harufu ya moshi?" Harufu ya moshi inatokana na vitu vingine vilivyomo ndani yake, mafuta yasiyoungua na oili. Injini iliyo katika hali nzuri inaweza kutoa moshi usionuka sana na bado ukawa na kaboni monoksaidi ya kutosha kukulaza usiamke. Magari haya mengi ni ya kabla ya vichujio vya kisasa vya ekzosi, kwa hiyo hakuna kitu njiani cha kuipunguza.

Na huku kwetu juu kuna jambo jingine ambalo video za Ulaya haziwezi kukwambia. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Njombe inakaribia 2,000, na nyanda za Kitulo ziko kama mita 2,600. Kwenye mwinuko wa Mbeya hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na Kitulo inapungua karibu robo. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa ilirekebishwa pwani haijui hilo. Inaendelea kumimina petroli karibu ileile kwenye hewa iliyopungua, mchanganyiko unazidi mafuta, na petroli isiyopata hewa ya kutosha kuungua ndiyo inayozaa kaboni monoksaidi kwa wingi. Wakati huohuo, abiria mwenyewe anavuta hewa yenye oksijeni pungufu. Tundu dogo ambalo lingempa mtu wa Kigamboni maumivu ya kichwa, kwa mtu anayepanda kwenda Makete ni jambo la kutisha zaidi. Kwa hiyo kabla ya kugusa hita, rekebisha kabureta kwa mwinuko unaoishi. Jeti ndogo kidogo ya mafuta, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, ni kitu rahisi, na petroli itapungua kuliwa pia.

Hita na mlima Kitonga

Madereva wengi wanajua mbinu hii: gari la maji likianza kuchemka ukipanda Kitonga, fungua hita mpaka mwisho. Utaungua miguu, lakini injini itapata nafuu, kwa sababu ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi inasaidiana na ile kubwa. Mbinu ni ya kweli.

Kwenye 911 haina maana. Hewa inayopita kwenye koti haijapita kwenye silinda. Imechukua joto la ekzosi, na joto hilo lilikuwa linatoka nje hata hivyo. Ukifungua kishikio unajichoma miguu bure. Ukiona sindano ya joto la oili inapanda, shuka gia ili feni izunguke kwa kasi zaidi, punguza kukanyaga mafuta, na ikiendelea kupanda tafuta mahali salama usimame.

Kweli tunahitaji hita Afrika?

Anayesema hapana hajawahi kutoka Uyole kwenda Tukuyu asubuhi ya Julai. Mbeya yenyewe hushuka chini ya nyuzi 10 usiku wa miezi hiyo, na kule Kitulo umande huganda juu ya majani. Lakini baridi ya mwili ni jambo la pili. Koti zito na blanketi vinalitatua. Tatizo ni kioo.

Watu wanne ndani ya gari dogo wanapumua mvuke muda wote. Kioo cha mbele kimepoozwa na upepo wa nje. Mvuke ukigusa kioo hicho unageuka matone madogo, na barabara inapotea machoni. Kupangusa kwa kitambaa kunasaidia kwa dakika chache. Kushusha kioo cha mlango kunasaidia hadi mvua ianze, na Rungwe mvua haikawii kuanza. Dawa inayodumu ni hewa yenye joto inayopulizwa chini ya kioo: inakipasha, na kwa kuwa hewa ya moto ina nafasi ya kubeba mvuke zaidi, inakausha. Pale Isongole, ukungu ukiwa umetanda na lori la ndizi linakuja mbele yako, hita ni kifaa cha usalama kama zilivyo waipa na breki.

Ukitaka kubadilisha

Kuna sababu za kweli za kung'oa makoti. Yana uzito wa kilo kadhaa, mapya ni ghali na yanaagizwa nje, na mabomba ya ekzosi yasiyo na koti yanaweza kupumua vizuri zaidi kwenye injini iliyoongezwa nguvu. Gari la mashindano au la maonyesho ya Jumapili linaweza kuishi bila hita. Sina ugomvi na mwenye gari la namna hiyo. Ninachosisitiza ni ile nusu ya kazi isiyoonekana kwenye video.

Ukiondoa koti, lile tawi la hewa kutoka kwenye feni halina tena pa kwenda. Likiachwa wazi, sehemu ya hewa ya kupoza silinda inamwagika pembeni. Kwenye mwinuko wetu, ambako kila mzunguko wa feni unasukuma hewa pungufu kuanzia mwanzo, hiyo ni hasara usiyoweza kuimudu. Matundu ya kwenye boksi la feni lazima yazibwe kwa vizibo vya chuma vilivyobana sawasawa. Gundi ya karatasi na vitambaa vitatoka siku ya kwanza ya safari ndefu. Matundu ya upande wa abiria nayo yazibwe, kwa sababu sasa chini ya gari kuna mabomba ya ekzosi yaliyo uchi na njia iliyo wazi kuelekea kwenye kizingiti. Halafu angalia kila waya wa umeme, kila mpira na kila bomba la mafuta lililo karibu. Koti lilikuwa linayakinga na moto wa bomba; sasa hakuna kinga.

Kwa gari linalotumika, ushauri wangu ni kinyume: usiondoe, fufua. Hita nyingi zinazodharauliwa ni nzima, ila zimevuja joto njiani. Mipira ya kuunganisha imepasuka, vilango vimeshikwa na kutu vikabaki nusu, waya umelegea, kizingiti kina tundu. Mimina oili ya kupenya kwenye vilango hadi vizunguke, badilisha mipira kwa ile ya kuhimili joto kali, kaza waya, ziba kizingiti. Tofauti utaisikia miguuni. Na kama makoti yameisha, tafuta ya chuma kisichoshika kutu. Yanatengenezwa kwa Beetle na kwa 911 pia. Ni ghali, sifichi. Lakini kwa mtu aliyekwishamwaga fedha kwenye rangi na rimu, hapa ndipo fedha ilipaswa kuanzia.

Wengine hupenda kuongeza feni ya umeme ili hita ifanye kazi hata gari likiwa taratibu. Wazo ni zuri, na kiwanda chenyewe kilifanya hivyo. Mahali pa kuifunga ndipo watu wanapokosea. Ikae upande wa hewa baridi, kabla ya koti, isukume hewa kuingia. Ikifungwa baada ya koti, kwanza joto litaiyeyusha. Pili, itakuwa inanyonya, na mnyonyo huo ukikutana na ufa mdogo kwenye bomba unavuta moshi kwa nguvu zaidi. Na hewa yake itoke mahali safi, si karibu na kabureta.

Hita ndogo za umeme za volti 12 zinauzwa kama suluhisho la haraka. Piga hesabu kabla hujanunua. Yenye wati 150 inavuta zaidi ya ampea 12, wakati hita ya gari la maji hutoa kilowati kadhaa. Haitapasha gari joto. Ikielekezwa kwenye kioo upande wa dereva inaweza kufungua sehemu ya kuonea, na kwa 911 yenye altaneta nzima hilo linawezekana, ukiiwekea waya mnene na fyuzi yake. Kwa Beetle ya zamani yenye jenereta dhaifu, na hasa zile za volti 6, sahau.

Ipo pia njia ya hita inayochoma mafuta yake yenyewe, kama zile za malori ya Ulaya ambazo dereva huwasha akilala. Si kitu kigeni kwa Porsche. Baadhi ya 911 za miaka ya mwanzo zilitoka kiwandani na hita ya petroli. Za kisasa za kilowati 2 zinatosha kabisa gari dogo, tena zinafanya kazi hata injini ikiwa imezimwa. Ila nyingi za bei nafuu ni za dizeli, kwa hiyo gari la petroli litahitaji tangi dogo la pili. Usiwahi kuijaribu kwa petroli, italipuka moto. Nayo ina ekzosi yake, ambayo lazima itokee nje kabisa ya gari, mbali na tundu lolote la sakafu. Ukiifunga vibaya umehamisha sumu kutoka nyuma ukaileta mbele.

Kupima kabla ya kuamini

Kwa kuwa kutu ya ndani haionekani, hukumu ya macho haitoshi. Njia ninayoiamini ni kufungua makoti, kuziba ncha za bomba la moshi, kuacha kitundu kimoja cha kupulizia hewa ya nguvu kidogo, na kuzamisha koti zima kwenye pipa la maji. Mapovu yakitokea kwenye midomo ya hewa ya koti, bomba limetoboka, na koti hilo ni chuma chakavu. Usiliuze kwa mwenzako. Wakati makoti yako nje, badilisha gasketi za ekzosi na kagua stadi zake, zile bolti zinazoibana kwenye injini, maana kuvuja pale kwenye silinda kunaingiza moshi kwa njia ileile.

Kama huna nafasi ya kufungua, washa injini ikiwa baridi, mwenzako azibe mdomo wa silensa kidogo kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, wewe usikilize chini. Mlio wa pf-pf-pf unaonyesha panapovuja. Kipimo hiki kinakamata matundu makubwa tu.

Halafu nunua kengele ya kaboni monoksaidi inayotumia betri, ifungwe ndani ya gari usawa wa kichwa cha dereva, mbali na mdomo wa hewa ya hita. Ikilia, funga kishikio cha hita, shusha vioo vyote, simama, zima injini na kila mtu ashuke. Anayeumwa kichwa au kusinzia apelekwe hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa akivuta moshi wa gari. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida wakati damu imejaa sumu, kwa sababu hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi. Bila kuambiwa, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na panadol.